Maji Hayalali Kwenye Nyayo

Siku ile tulikuwepo mimi, mume wangu muuza maji, mama mkwe wangu, wifi yangu ambaye hawezi kukaa kimya hata ukimlipa, mwanangu wa kike, na mzee mlinzi wa jiwe ambaye mume wangu alimpachika jina la Babu Sponji. Nimewataja wote kwa sababu kila ninayemsimulia huishia kusema, "Labda kulikuwa na mtu mwingine, hukumwona tu."

Hakukuwa na mtu mwingine.

Mwanangu tulikuwa tunamwita Bosi. Wifi ndiye aliyelianzisha jina hilo. Mtoto alikuwa amevuka miaka miwili na hajapiga hatua hata moja. Unamweka hapa, unamkuta hapa. Akitaka kitu ananyoosha kidole, analetewa. "Bosi hatembei," wifi alikuwa akisema, huku akimnyanyua na kumbusu shingoni. "Bosi anabebwa." Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Nilijua wifi ananifutia aibu. Majirani walipoanza kuniuliza habari za mtoto kwa ile sauti ya huruma yenye sindano ndani, utani wake ndio ulionisaidia kuinua uso.

Siku ile tulikuwa tumetoka kliniki. Daktari alikuwa dada mpole, mikono yake ya moto. Aliikunja miguu ya Bosi, akaikunjua, akamtekenya nyayo mpaka mtoto akacheka. Akaniambia miguu haina kasoro. "Ana woga tu, mama. Siku akiamua mwenyewe, mtachoka kumkimbiza." Wakati tunatoka alinipa pipi mbili, moja ya mtoto na moja yangu. Sijamsahau kwa pipi ile ya pili.

Mimi nilitoka na moyo mwepesi, lakini mama mkwe alitoka amenuna. Alitaka dawa. Kwake yeye kwenda hospitali ukarudi mikono mitupu ni sawa na kwenda sokoni ukalikuta limefungwa.

Mume wangu alikuja kutuchukua na pikipiki yake ya mizigo, ile ya magurudumu matatu. Nyuma alikuwa na mapipa ya maji. Akasema kwanza ayafikishe kwa Babu Sponji, ndipo twende nyumbani. Mzee alikuwa amekaukiwa tangu juzi na kesho yake alitarajia wageni. Tukapanda, tukajibana katikati ya mapipa. Jua lilikuwa limeanza kuwa la rangi ya chai.

"Kwani huyo mzee anafanyia nini maji yote haya?" wifi aliuliza. "Anafuga samaki juu ya jiwe?"

"Anamwagilia nyayo," mume wangu alijibu.

"Ili ziote?"

"Ili zionekane. Utaona."

Jiwe lenyewe liko nyuma ya machimbo ya kokoto. Ni bapa, pana kama ua wa nyumba kubwa, na limefagiliwa safi kama sebule. Upande mmoja linaanzia kwenye kifusi cha machimbo. Upande wa pili linazama ardhini, kwenye ukingo wa bonde. Kuna kibanda kidogo cha mabati, kiti kimoja, na kibao kinachosema kwamba hapa walipita dinosaria, wanyama wakubwa wa zamani sana. Watu wa ofisi ya mambo ya kale ndio waliomwajiri Babu Sponji kulilinda.

Tulipofika nilitazama lile jiwe nikaona jiwe tu.

Babu Sponji alitupokea kwa furaha kama vile tumemletea mgonjwa wake dawa. Alikuwa mwembamba, suruali imekunjwa mpaka magotini, na magoti yenyewe yana sugu nene. Alimsaidia mama mkwe kushuka, akamletea kile kiti chake kimoja. Yeye akabaki amesimama.

"Tumechelewa leo," alimwambia mume wangu huku akitazama jua.

"Foleni ya kliniki, babu. Nishushe wapi?"

"Kando ya kibanda. Taratibu."

Mama mkwe alikuwa na jambo rohoni. Nilimwona akinyoosha shingo. "Baba," akamwambia mzee kwa heshima, "tumetoka mbali. Hizo nyayo wanazozisema watu, ndiyo tuondoke bila kuziona?"

"Jioni huwa sizilowanishi, mama."

"Moja tu. Huyu mtoto naye aone." Akamnyanyua Bosi kidogo mgongoni kwangu ili miguu yake ionekane, ile miguu iliyoning'inia kama soksi kwenye kamba. "Hajatembea bado, huyu."

Babu Sponji aliitazama miguu ile. Nikaona uso wake ukilegea. Alikuwa mtu mwema, na wema ndio uliotuponza sisi sote siku ile. Alichukua kikombe cha bati, akachota maji kidogo, akatembea mpaka katikati ya jiwe na kumimina.

Ikatokea.

Pale pasipokuwa na kitu pakatokea unyayo. Vidole vitatu, vinene, vimetanuka. Ndani yake ungeweza kumlaza mtoto mchanga. Akamimina tena mbele yake, ukatokea mwingine. Halafu, kando ya huo mkubwa, akatonesha maji kidogo tu, ukatokea mdogo. Una vidole vile vile vitatu, lakini haukuzidi kiganja changu.

"Alikuwa na mtoto," nikasema.

"Alikuwa na mtoto," mzee akaitikia. Akachuchumaa, akanionyesha kwa kidole. "Hapa wanakwenda pamoja. Huyu mdogo anakimbia-kimbia, ona hatua zake zilivyokaribiana. Wanakuja, wanakuja... mpaka hapa."

"Halafu?" wifi akauliza.

"Halafu basi. Mtoto hana nyayo tena. Wasomi wana maneno mengi juu ya hilo, na kila mmoja ana lake. Mimi huwa natazama nyayo za mama mtu tu." Mkono wake ukachora mduara hewani. "Anakwenda kidogo, anarudi. Anazunguka. Anazunguka tena. Amekanyaga hapa mpaka pamevurugika. Mwisho ndiyo anashika njia ya bondeni, peke yake."

Matiti yangu yaliuma, na Bosi nilikuwa nimeshamwachisha.

"Alizama?" nikanong'ona.

"Lilikuwa tope, mama. Tope halisemi limemeza nini."

Wifi alijaribu kutuchekesha. Akasema yeye akifa asingependa watu waje kumpima miguu baada ya miaka yote hiyo, hasa huo wa kushoto. Mzee akatabasamu, lakini tayari alikuwa ametoa sponji mfukoni. Alifuta unyayo wa kwanza, akaukamulia maji kwenye ndoo. Akafuta wa pili. Hakuacha hata tone.

"Si yatakauka yenyewe?" nikamuuliza.

"Maji hayalali kwenye nyayo. Asubuhi namwaga, mchana nafuta. Jua likigusa ukingo wa bonde, jiwe liwe kavu." Aliongea kama mtu anayekukumbusha kufunga dirisha mbu wasiingie. "Jiwe hili lilikuwa tope. Likilowa jioni linakumbuka."

Ndipo tuliposikia mume wangu akiguna.

Alikuwa anateremsha pipa la mwisho, lile kubwa la buluu, kwa kulibiringisha juu ya ubao. Ubao ukateleza. Pipa likaanguka kwa ubavu, mfuniko ukafyatuka, na maji yote yakatoka kwa pamoja. Yakakimbia juu ya jiwe. Yalikuwa mazuri kuyatazama, yaking'aa kwa lile jua la rangi ya chai. Na kila yalipopita, nyayo zikaamka. Kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, halafu kubwa peke yake mpaka ukingoni kule bondeni.

Mume wangu akaanza kuomba radhi. Babu Sponji hakumsikiliza. Alikuwa anatazama jua.

"Futeni," akasema kwa sauti ya chini. "Futeni zote. Kwa chochote mlicho nacho."

Hakufoka. Angefoka ningeogopa kidogo. Ile sauti ya chini ndiyo iliyonifanya nifungue mbeleko palepale, nimkabidhi mama mkwe mtoto na kupiga magoti. Mume wangu alivua shati. Wifi alitoa mtandio wake mpya, ule wa maua aliokuwa akiutunza kwa sherehe, akautumbukiza kwenye maji bila kusema neno. Wifi bila kusema neno... Mzee alitandika gunia kavu, akalala juu yake kifudifudi, akaanza kufuta kutoka upande wa bonde kuja kwetu.

Tulifuta. Tulikamua. Nyayo zilikuwa nyingi, na kila tulipokausha mmoja, maji yaliteleza kutoka mwingine na kuujaza.

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole.

Nilikuwa nimeuelekea upande wa machimbo, mgongo wangu umeelekea bondeni. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mkwe, ile sauti yake ya kubembeleza ambayo hata mimi huniita kwayo nikiumwa.

"Kanyaga, mjukuu wangu. Kanyaga pale alipokanyaga mwenzako. Alikuwa na mbio, huyu. Akugawie."

Nikageuza shingo. Alikuwa amemvua Bosi viatu. Amemsimamisha ndani ya unyayo mdogo, ule wa mwisho, na maji yamemfunika vidole.

"Mama, mtoe," nikasema.

"Mtoe," mzee naye akasema, wakati mmoja na mimi.

Jua likagusa ukingo.

Nilitaka kuinuka. Nikaegemea viganja ili nijisukume, na jiwe likabonyea. Lilikuwa laini kama unga uliokandwa. Viganja vyangu viliingia mpaka kwenye vifundo vya mikono, polepole, bila maumivu. Halafu likakaza.

Lilinishika. Sina namna nyingine ya kulieleza hilo. Lilinishika kama unavyoshika mkono wa mtoto mnapotaka kuvuka barabara.

Nikavuta. Sikutoka. Nikasikia mume wangu akihema na kuvuta, akihema na kuvuta. Nikasikia wifi akinong'ona, "Mguu wangu, jamani. Mguu wangu." Mama mkwe alikuwa amezama magoti yote mawili. Aliyekuwa juu ya kikavu ni mzee peke yake, kwenye gunia lake, kule mbali, sponji mkononi, asiweze kulishuka bila kuzama naye.

Halafu nikasikia.

Pcha.

Nyuma yangu.

Pcha... pcha.

Miguu midogo kwenye tope.

"Anatembea," mume wangu akasema. Sauti yake ilikuwa na machozi. "Mke wangu... anatembea."

Nami nilifurahi. Nawaambieni ukweli, kitu cha kwanza kilichonipanda moyoni kilikuwa furaha. Miezi yote ile nilikuwa naiota hatua ya kwanza ya mwanangu. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyochuchumaa mbele yake na kumfungulia mikono. Sasa alikuwa anatembea, na mimi nimempa mgongo, mikono yangu imo ndani ya jiwe. Niligeuza shingo mpaka ikalia. Niliona bega langu tu.

Pcha, pcha, pcha. Alikuwa anacheka. Kicheko chake kile cha kutekenywa.

Alikuwa anakwenda bondeni.

Mbele ya uso wangu palikuwa na unyayo mkubwa ambao sijaufuta. Maji yake yalikuwa yametulia, yana wingu jekundu ndani. Yakatikisika. Mara yakaruka pembeni yote kwa pamoja, kama mtu amekanyaga dimbwi.

Hapakuwa na kitu juu yake. Unyayo mtupu, na maji yamenirukia usoni.

Halafu wa pili yake, karibu zaidi.

Halafu harufu. Tope la chini kabisa, majani yaliyooza, yai lililovunjwa sasa hivi. Na joto. Joto la mwili mkubwa ulio karibu, kama unapopita kando ya ng'ombe gizani.

Kikasimama juu yangu.

Nywele zangu zilivutwa juu na pumzi... ndefu... Kikaninusa kisogoni, kikaninusa mgongoni pale mbeleko inapokaa, pale penye jasho la mwanangu. Hapo kikakawia. Nikahisi tone la moto likiniangukia shingoni, na mpaka leo sijui lilikuwa mate au chozi. Sikuweza hata kulifuta.

Halafu maji yakaruka kwenye unyayo wa nyuma yangu. Halafu wa nyuma yake. Kilikuwa kinamfuata Bosi.

"Babu," nikanong'ona. "Babu, nisaidie."

"Nakuja, mama." Nilisikia sponji likikamuliwa. "Nakuja. Usimwite tu. Akiitwa hapa, hajulikani atakayeitika."

Mume wangu ndiye aliyekuwa ameelekea kule. Alichokiona alinieleza baadaye, mara moja tu, na hataki kukirudia. Anasema hakuona mnyama wala mtu. Alimwona mwanawe akitembea vizuri kuelekea ukingoni. Halafu mtoto akasimama, akatazama juu, juu sana, kama anayeangalia ndege. Akatabasamu. Akainua mkono wa kulia, vidole vimekunjika, kama mtoto anayeshikwa mkono na mama yake. Wakaendelea.

Mama mkwe hakuweza kuvumilia. Nani angeweza? Alikuwa bibi, na mjukuu wake anakwenda.

"Bosi," akaita huku analia. "Bosi, mama, rudi. Njoo kwa bibi. Njoo."

Kicheko kikakatika.

Pcha ya mwisho. Halafu kimya. Hata wadudu hawakulia.

"Njoo, mwanangu," mama mkwe akarudia kwa sauti ndogo.

Sikusikia hatua. Hilo nimelifikiria usiku mwingi. Wakati wa kwenda zilisikika wazi. Wakati wa kurudi sikusikia kitu, lakini ghafla kifua kidogo kiliegemea mgongo wangu. Mikono miwili ikanizunguka shingo. Ilikuwa ya baridi na ina unyevu. Paji la uso likajibonyeza kisogoni pangu.

Akaninusa.

Babu Sponji alifika akiburuza gunia lake. Alikuwa anafuta na kulia, kamasi zinamtiririka, lakini mkono wake haukusimama. Aliniweka huru mimi kwanza. Hakuanza na mwanamume ambaye angemsaidia kazi, wala na mama mkwe ambaye ndiye mkubwa. "Wewe una mtoto mgongoni," akasema. Alipokamua tone la mwisho kutoka kwenye unyayo ule, jiwe lilifungua mikono yangu. Ngozi ya juu ilibaki humo. Nina makovu mpaka leo, yamezunguka kama bangili.

Nilimgeukia mwanangu, nikamkumbatia. Uso wake, macho yake, gauni lake la kliniki. Katikati ya vidole vya miguu alikuwa na tope bichi. Nilipolipangusa lilikuwa tayari limekauka, gumu kama kokoto.

Mzee alipokwisha kuwafungua wengine tuliondoka, na njiani wifi alinifunga mikono kwa mtandio wake wa maua uliolowa.

Nyumbani, mama mkwe alimweka mtoto sakafuni ili aniandalie maji ya kuosha vidonda. Mtoto akasimama. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akatembea tena, hatua za uhakika, hakuyumba hata kidogo. Mume wangu alikaa kwenye kizingiti akalia. Mama mkwe alipiga magoti akashukuru.

Mimi nilikuwa namtazama.

Bosi wangu alikuwa halali bila kushika ndewe ya sikio langu. Alikuwa akiipapasa taratibu mpaka usingizi umchukue. Usiku ule nilimlaza, nikamsogezea sikio. Hakulishika. Alisogea shingoni kwangu akaninusa, kwa muda mrefu, kwa makini, kama mtu anayejifunza jambo ili asilisahau. Ndipo akalala.

Nilijiambia ni hofu. Mtoto ameogopa, mtoto hubadilika. Wifi alimwita, "Bosi hatembei, bosi anabebwa," akamnyanyua na kumbusu shingoni. Zamani angecheka mpaka apaliwe. Sasa alimtazama tu wifi, akamtazama kwa upole, akisubiri ashushwe. Wifi alimshusha. Tangu siku hiyo hajarudia utani ule, na jina lenyewe likafa bila mtu kuamua life.

Siku chache baadaye Babu Sponji alikuja kwetu. Hakuwahi kufika kwetu kabla ya hapo. Alikuja kwa miguu, ameshika mfuko wa machungwa. Nilikuwa peke yangu uani na mtoto, nafua kwa shida kwa sababu ya vidonda. Bila kuniuliza alikunja suruali, akachukua beseni, akanifulia nguo zilizobaki. Alipomaliza kuanika ndipo aliponiambia.

"Kuna nyayo mpya kule jiweni, mama."

Nikamtazama mtoto.

"Za binadamu. Ndogo. Zinaanzia pale zilipoishia zile za mtoto wa mnyama. Zinakwenda moja kwa moja mpaka ukingoni, pale jiwe linapoingia ardhini. Vidole vitano vitano, vimechorwa vizuri." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Nimezifunika kwa udongo. Sitaki watu wa ofisi wazione."

"Na za kurudi?" nikauliza.

Akaanza kukunjua suruali yake.

"Babu. Za kurudi ziko wapi?"

"Nimetafuta, mama. Nimemwaga maji jiwe zima. Hakuna za kurudi."

Mtoto alikuwa anatembea uani, kutoka kwenye kamba ya nguo mpaka ukutani, na kurudi. Mzee alimwita kwa kidole. Akaja. Mzee akamshika mguu, akautazama unyayo wake, akahesabu vidole kwa kidole gumba. Vilikuwa vitano. Akautazama ule mwingine. Mtoto aliinama akamnusa mzee kichwani.

"Babu," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Huyu ni nani?"

Alimmenyea mtoto chungwa, akalitoa mbegu moja moja.

"Huyu ni mtoto, mama," akasema. "Ana njaa. Mpe chakula."

Nilirudi kule jiweni, bila shaka. Nilikwenda mchana, nikaenda asubuhi, nikaenda jioni na ndoo yangu ya maji. Nilimimina kwenye ule unyayo wa mwisho, nikasimama ndani yake kwa miguu yangu. Jua likagusa ukingo. Jiwe likabaki jiwe. Niliita mpaka sauti ikaniisha. Babu Sponji alikaa mlangoni pa kibanda chake akanisubiri, na giza lilipoingia alifuta maji yangu, akanisindikiza mpaka barabarani. Safari ya pili vilevile. Sijui nilikwenda mara ngapi. Mume wangu aliniomba niache. Mama mkwe hakuniomba. Alikuwa ananisaidia kujaza ndoo.

Mambo haya sina elimu ya kuyafafanua. Mimi nimesoma shule ya msingi tu. Lakini niliwaza kama mama anavyowaza. Kama yule aliyezunguka juu ya tope alimwona mtoto amesimama palepale alipompoteza wake, angejuaje? Alinusa, akaona ni mtoto, akamshika mkono akaenda naye. Na yule wake, aliyekuwa chini ya tope siku zote hizo, alisikia mtu akiita, "Njoo, mwanangu." Akaja. Hata mimi ningekuja.

Kwa hiyo namlea. Usiku namwosha miguu, vidole vyote, nampaka mafuta. Akiumwa nakesha. Nikipika nampakulia yeye kwanza, minofu ile laini. Akininusa kabla ya kulala, namwachia shingo yangu. Sijawahi kumpiga, wala kumfokea, wala kumnyima kitu kilicho ndani ya uwezo wangu. Nafanya hivyo nikijua kwamba huko aliko kuna mwingine mwenye wangu, na sina njia ya kumfikishia ujumbe ila hii.

Jioni tu ndiyo hunishinda. Jua likianza kuzama, mtoto husimama mlangoni, anatazama upande wa machimbo. Hasemi kitu. Mimi hukaa nyuma yake na kisu changu cha mboga, najifanya nakata vitunguu, kumbe namchunga asiende.

Mwaka huu tumemwandikisha shule. Anakwenda na kurudi mwenyewe, kwa miguu.